Ukuta au Fungu? Historia ya Diski Ngumu na Istilahi za Kusakinisha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni kazi ya kupamba lugha, na kwamba neno likikosewa hasara yake haizidi kicheko cha wasomaji. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kinyume cha dhana hiyo. Tutachukua eneo moja dogo la ufundi, nalo ni matatizo ya diski ngumu yanayojitokeza wakati wa kusakinisha mfumo endeshi katika kompyuta, na tutaeleza historia ya maneno yanayotumika hapo. Tumelichagua eneo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo neno moja lisiloeleweka laweza kufuta kumbukumbu za ofisi nzima kwa muda mfupi kuliko ule wa kuandika barua moja. Pili, maneno yenyewe hayakubuniwa siku moja wala na mtu mmoja. Yamerundikana kwa zaidi ya miaka 60, kila kizazi cha mashine kikiacha yake, na mtafsiri asiyeijua historia hiyo hujikuta akitafsiri sauti ya neno badala ya kazi yake.

Kwa mfumo endeshi tunakusudia ile programu kuu inayoongoza sehemu zote za mashine na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Kwa kusakinisha tunakusudia kuufanya mfumo huo ukae katika diski ya kompyuta. Neno hili limechaguliwa vyema, maana kusakini ni kukaa mahali kama mkazi, na mkazi huhitaji nyumba. Matatizo tunayoyazungumzia yote ni matatizo ya nyumba: ama haionekani, ama haifikiki, ama imegawanywa kwa namna ambayo mkazi mpya haijui, ama mlango wake haufunguki. Tutaona kwamba kila moja ya hali hizo nne ina asili yake katika historia, na kila moja inadai neno lake.

Sahani, diski na ugumu wake

Mwezi Septemba 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC. Ndani yake kilikuwamo kifaa namba 350, kilichobuniwa katika maabara ya San Jose, California, chini ya uongozi wa Reynold Johnson. Kifaa hicho kilikuwa na ukubwa wa kabati zima, na ndani yake zilipangwa sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zilizopakwa rangi yenye chembechembe za sumaku na kuzungushwa mara 1,200 kwa dakika. Sahani zote kwa pamoja ziliweza kutunza herufi milioni 5, kiasi ambacho leo picha moja ya simu yaweza kukizidi.

Jipya katika mashine hiyo halikuwa wingi wa herufi. Kabla yake kumbukumbu zilitunzwa zaidi katika kadi zilizotobolewa na katika tepu za sumaku, na aliyetaka rekodi ya mwisho hakuwa na budi kupitia zile zote zilizotangulia. Diski iliiwezesha mashine kwenda moja kwa moja kwenye rekodi iliyotakiwa, kama karani anayefungua leja kwenye ukurasa autakao. Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi kila mahali katika sahani pawe na anwani. Hapo ndipo yalipopata kazi maneno ambayo fundi hukutana nayo hadi leo: kichwa, yaani kile kinachosoma na kuandika juu ya uso wa sahani, silinda, yaani njia za duara zilizo sawasawa juu na chini katika sahani zote, na sekta, yaani kipande kidogo cha njia moja.

Ama neno ngumu lilikuja baadaye. Diski ya mwaka 1956 haikuitwa ngumu kwa sababu hapakuwa na laini ya kuilinganisha nayo. Mwaka 1971 IBM ilianza kuuza diski nyembamba ya plastiki inayopindika, iliyowekwa ndani ya bahasha. Tangu hapo ile ya kwanza ikahitaji sifa ya kuitofautisha, ikaitwa ngumu. Mwaka 1973 ikatoka IBM 3340, ambayo sahani na vichwa vyake vilifungiwa pamoja ndani ya chombo kimoja ili vumbi lisiingie. Waundaji waliipa jina la utani Winchester, jina la bunduki, na kwa miaka mingi diski zote za namna hiyo ziliitwa hivyo. Mtafsiri akilikuta neno hilo katika kitabu cha miaka ile, asitafute maana ya silaha.

Kiswahili kilikuwa tayari na neno sahani katika ala ya sauti, yaani sahani ya santuri. Kwa maoni yetu lingefaa libakizwe kwa ile duara ya ndani, na neno diski litumike kwa kifaa kizima. Siku hizi kompyuta nyingi hazina sahani kabisa, kwani kumbukumbu hutunzwa katika vipande vya elektroniki visivyozunguka. Hata hivyo vifaa hivyo vimerithi jina la diski pamoja na sekta zake, kama nyumba ya mabati inavyoendelea kuwa na paa ijapokuwa haina tena makuti.

Mwaka 1983 na baiti 512

Kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka Agosti 1981 haikuwa na diski ngumu. Ilisoma diski laini tu. Mwezi Machi 1983 ikatoka nyingine, iliyoitwa XT, ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10 na mfumo endeshi DOS toleo la 2.0. Hapa kwetu Tanzania Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo, katika miaka ambayo istilahi za utawala, sheria na elimu zilikuwa zikisanifiwa kwa bidii, diski ngumu haikuwa kitu cha kawaida juu ya meza za maofisa wetu. Maneno yake yaliingia pamoja na mashine zenyewe, yakiwa ndani ya vitabu vya maelezo vya Kiingereza.

Waundaji wa mwaka 1983 walikusudia diski moja iweze kutumiwa na mifumo endeshi zaidi ya mmoja. Kwa ajili hiyo waliitenga sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, iwe kama daftari la msimamizi wa nyumba. Baiti 446 za mwanzo zilitolewa kwa maagizo ya kuamshia mashine. Baiti 64 zilizofuata zilitolewa kwa jedwali la mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho zikawa muhuri wa kuthibitisha kwamba sekta ni halali. Kila fungu la diski lilihitaji baiti 16 katika jedwali, na kwa kuwa 64 ukigawa kwa 16 unapata 4, diski haikuweza kuwa na mafungu makuu zaidi ya manne. Sheria hiyo, ambayo imewasumbua mafundi kwa miongo kadhaa, haikutokana na falsafa yoyote ila hesabu hiyo ya kugawanya.

Ufinyu huohuo ndio uliozaa lugha ya mkato ya maonyo. Katika baiti 446 ilibidi yaenee maagizo yote pamoja na maneno ya kumwonya mtumiaji. Hapakuwa na nafasi ya maelezo. Maonyo yaliyowekwa yalikuwa matatu, nayo kwa Kiswahili ni haya: jedwali la mafungu si sahihi, kosa katika kupakia mfumo endeshi, mfumo endeshi haupo.

Na tulitazame kwa makini onyo hili la tatu. Mwananchi akilisoma, hudhani kwamba mfumo wake umepotea na kila kitu pamoja nao, na mara nyingi hushawishika kuanza upya kwa kufuta diski nzima. Lakini maagizo yale ya baiti 446 hayakuwa na uwezo wa kuutafuta mfumo. Yaliisoma sekta ya kwanza ya fungu lililotiwa alama, yakaangalia kama muhuri wa baiti mbili upo, na yasipouona yakatoa kauli hiyo. Barua zote, orodha zote na mfumo wenyewe vyaweza kuwa salama ndani ya fungu, huku kilichoharibika ni sekta moja tu, nayo hutengenezeka kwa programu za ukarabati. Tafsiri iliyo sahihi kwa neno yaweza kuwa ya hatari kwa tendo. Laiti onyo lingesema kwamba sekta ya kuanzia haikutambuliwa, watu wengi wangejizuia kuchukua hatua ya kufuta.

Ukuta au fungu?

Tumekuwa tukitumia neno fungu, na yatupasa tueleze sababu. Neno la Kiingereza la jambo hili, ambalo mafundi wengine hulitamka patisheni, lina maana mbili katika lugha yake: ni kile kinachogawa, kama ukuta mwembamba wa kutenga chumba, na pia ni kile kilichogawanywa. Baadhi ya watafsiri wamelishika upande wa kwanza, wakatumia kizigeu. Kizigeu ni neno zuri la Kiswahili, na kila mtu aliyewahi kuona chumba kilichotengwa kwa pazia au kwa mbao analielewa. Taabu ni kwamba katika diski hakuna ukuta wowote. Kilichopo ni sehemu inayoanzia sekta fulani na kuishia sekta fulani, kama ilivyoandikwa katika jedwali.

Hapo hatari inaonekana wazi. Mtu akiambiwa aondoe kizigeu, picha inayomjia ni ya vyumba viwili vilivyofanywa kimoja, na vyombo vyote vikabaki palepale vikiwa na nafasi zaidi. Naam, ndivyo ilivyo katika nyumba. Katika diski tendo hilo hufuta maandishi ya fungu katika jedwali, na kuanzia hapo vyote vilivyokuwamo havifikiki tena kwa njia ya kawaida, na mfumo mpya waweza kuandikwa juu yake. Katika usakinishaji wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, tendo hilo liliombwa kwa kubonyeza herufi moja tu, D, kisha kuthibitisha. Aliyekuwa na picha ya ukuta kichwani hakuwa na sababu ya kusita.

Neno fungu halina taabu hiyo. Watumishi wa Serikali wanalijua kutoka katika bajeti, ambamo kila fungu lina namba yake, fedha zake na hesabu zake. Akiambiwa kwamba fungu limefutwa, hapana mtumishi atakayefikiri kwamba fedha zake zimebaki mezani. Kadhalika, msemo jedwali la mafungu unaeleweka bila maelezo zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza fungu litumike kwa sehemu ya diski, na kizigeu kibaki katika ujenzi kilikozaliwa.

Mipaka ya hesabu

Lipo kundi la matatizo ambayo chanzo chake ni ufupi wa namba. Diski inapoonekana ndogo kuliko ilivyonunuliwa, muuzaji hushutumiwa kwanza. Mara nyingi hana kosa, ila mashine imeishiwa na tarakimu za kuhesabia.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 anwani ya sekta ilitolewa kwa kutaja silinda, kichwa na sekta. Programu ya ndani ya kompyuta, yaani ile inayokaa katika ubao mama na kuamka kabla ya mfumo endeshi, ilikuwa na nafasi yake ya kuandika namba hizo, na diski ilikuwa na yake, na nafasi hizo hazikulingana. Zilipotumika pamoja, kilichowezekana kilikuwa silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti 528,482,304 tu. Diski iliyozidi hapo ilionekana kwa kiasi hicho. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuacha anwani ya sehemu tatu na kuzihesabu sekta zote kwa mfululizo mmoja, kuanzia sifuri. Namba hiyo mpya nayo ilikuwa na biti 28, ikafikia kikomo katika gigabaiti 137. Windows XP ilipotoka haikuweza kuvuka mpaka huo hadi lilipotolewa furushi lake la kwanza la marekebisho mwaka 2002. Aliyesakinisha kwa sahani ya zamani katika diski mpya aliona sehemu tu ya mali yake.

Jedwali la mwaka 1983 nalo lilikuwa na mpaka wake. Liliziandika sekta kwa namba ya biti 32, na kwa sekta za baiti 512 hiyo ni terabaiti 2.2 tu. Diski za terabaiti 3 zilipoingia sokoni mwaka 2010, jedwali hilo halikuweza kuzitaja zote. Lakini mrithi wake alikuwa amekwisha kuandaliwa. Kampuni ya Intel ilikuwa imebuni namna mpya ya programu ya ndani, na mwaka 2005 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa umoja wa makampuni, ikaitwa UEFI. Pamoja nayo lilikuja jedwali jipya lijulikanalo kwa herufi GPT, ambalo hutumia namba za biti 64, kwa kawaida lina nafasi za mafungu 128, na huwekwa nakala mbili, moja mwanzoni mwa diski na moja mwishoni.

Tangu hapo likazuka tatizo ambalo pengine ndilo linalowakwamisha wengi zaidi leo. Msakinishaji anachagua diski, na Windows inamjibu kwamba haiwezi kusakinishwa humo kwa kuwa diski ina jedwali la mtindo wa GPT. Mwingine anajibiwa kinyume chake, kwamba diski ina jedwali la zamani ilhali mashine inataka jipya. Wote wawili hudhani kwamba diski ni mbovu au kwamba hapana budi kuifuta. Ukweli ni kwamba Windows huamka kutoka jedwali jipya pale tu programu ya ndani inapofanya kazi kwa utaratibu mpya, na kutoka jedwali la zamani pale inapofanya kazi kwa utaratibu wa zamani. Katika mashine nyingi diski mweko moja ya kusakinishia huonekana mara mbili katika orodha ya kuamshia, mara moja ikiwa na herufi UEFI na mara nyingine bila herufi hizo. Kuchagua ile ya pili badala ya ya kwanza, au kinyume chake, mara nyingi kunatosha kumaliza ugomvi bila ya kupoteza hata barua moja. Tena, tangu mwaka 2017 Windows 10 imekuwa na programu ndogo ya kugeuza jedwali la zamani kuwa jipya bila ya kufuta yaliyomo, ingawa mwenye busara hutunza nakala kwanza.

Kiendeshi kilichopotea

Sasa tuje kwenye neno lililoleta mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: moja ni la kifaa kinachoendesha diski, na jingine ni la programu inayoufundisha mfumo endeshi namna ya kuzungumza na kifaa. Katika Kiswahili yote mawili yamepata kuitwa kiendeshi. Matokeo yake tunayaona katika onyo ambalo msakinishaji wa Windows hukutana nalo, ambalo likitafsiriwa kwa mtindo huo husema: hatukuona kiendeshi chochote, ili kupata kiendeshi, pakia kiendeshi. Msomaji huyo amefungiwa ndani ya duara. Hajui kama kilichopotea ni chuma au ni programu, wala kama aende dukani au arudi kwenye kompyuta.

Historia ya onyo hilo ni kama ifuatavyo. Windows XP ilitoka mwaka 2001, nayo ilijua njia zilizotumika wakati huo kuunganisha diski na ubao mama. Miaka michache baadaye ikaenea njia mpya iliyoitwa SATA, yenye waya mwembamba. Msakinishaji wa XP alipowekwa katika mashine mpya alisema kwamba hakuona diski ngumu yoyote, ilhali ilikuwamo na ni nzima. Aliyetaka kuendelea alitakiwa kubonyeza F6 mwanzoni kabisa, kisha kuipatia mashine programu ya kidhibiti cha diski kutoka katika diski laini. Lakini mashine nyingi mpya zilikuwa zimekwisha kuacha tundu la diski laini. Basi mafundi wakalazimika kuirudisha programu ya ndani kwenye utaratibu wa zamani wa kuunganisha, au kuichanganya programu iliyokosekana ndani ya sahani ya kusakinishia.

Mambo hayo yangeweza kudhaniwa kuwa yamepita. Lakini kuanzia mwaka 2020 kompyuta nyingi za mkononi zenye kichakato cha Intel cha kizazi cha 11 zimetoka kiwandani zikiwa na utaratibu mwingine wa kusimamia diski, uitwao VMD, na msakinishaji wa Windows 10 au 11 akakosa programu yake. Onyo likarudi lilelile, na dawa ikawa ileile: ama kumpa programu hiyo kupitia diski mweko, ama kuuzima utaratibu huo katika programu ya ndani. Hapa yapo mawili ya kuzingatia. Mosi, kuuzima katika mashine ambayo tayari ina mfumo unaotumika kwaweza kuufanya mfumo huo ushindwe kuamka. Pili, diski ambayo programu ya ndani inaiona na msakinishaji haioni, kwa kawaida si diski iliyokufa.

Mafundi wetu wamekwisha kuamua. Wao husema diski kwa kifaa, na draiva kwa programu. Wamekwepa pia dereva, ambalo ni neno la mtu anayeshika usukani. Utaratibu wetu wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili kabla ya kukopa ni mwema, lakini pale ambapo neno la asili linaunganisha vitu viwili ambavyo mtumiaji hana budi kuvitenganisha, neno la mkopo lililo wazi lina haki ya kupokewa. Draiva lisanifiwe, na onyo liseme: hakuna diski iliyoonekana, ipe mashine draiva ya kidhibiti cha diski. Hapo msomaji anajua la kufanya.

Neno moja, matendo mawili

Limebaki neno kufomati, ambalo wengine husema kuumbiza. Katika programu za kuandikia barua neno hili halina madhara. Kuumbiza aya ni kuikoleza wino, kuipanua au kuisogeza, na usipopenda unarudisha. Mamia ya makarani na walimu wamejifunza neno hili hapo kwanza. Halafu siku ya kusakinisha mfumo, linatokea tena juu ya kitufe, na sasa kazi yake ni nyingine kabisa.

Katika miaka ya 1980 kufomati diski kulikuwa ni kuchora upya njia na sekta juu ya sahani, kazi ambayo mtumiaji aliweza kuifanya mwenyewe. Diski za baadaye huchorwa kiwandani mara moja tu. Kinachofanyika wakati wa kusakinisha ni kuliandikia fungu orodha mpya tupu ya majalada. Katika diski ya sahani, ufomati wa haraka huiacha mihimili ya maandishi ya zamani palepale hadi itakapoandikwa juu yake, na kwa hiyo mtaalamu huweza kuyaokoa iwapo mashine itazimwa mapema. Katika diski za elektroniki mambo ni magumu zaidi, kwani mfumo huiarifu diski kwamba nafasi zile hazina kazi tena, nayo huzisafisha yenyewe.

Kwa hiyo hatuoni haki kutumia neno moja kwa tendo la kurembesha na tendo la kuangamiza. Kwa barua tubaki na kuumbiza. Kwa diski tuseme kufuta na kuandaa fungu. Msemo huu ni mrefu, lakini urefu wake ni wa faida, kwa kuwa neno kufuta linatangulia, na jicho linalikuta kabla ya kidole kufika kwenye kitufe.

Mpangilio wa uchunguzi

Kutokana na historia tuliyoieleza, mpangilio wa kuchunguza tatizo unajipanga wenyewe. Swali la kwanza ni hili: je, programu ya ndani inaiona diski? Ikiwa haioni, tuangalie waya, umeme na diski yenyewe, maana hapo msakinishaji hana la kulaumiwa. Diski ya sahani inayotoa mlio wa kugonga isichezewe, bali yaokolewe kwanza yaliyomo. La pili: je, programu ya ndani inaiona na msakinishaji haioni? Hilo ni suala la draiva. La tatu: je, msakinishaji anaiona na anaikataa? Asome aina ya jedwali na namna mashine ilivyoamshwa. La nne: je, usakinishaji umekamilika na mashine haiamki? Hapo tuangalie mpangilio wa kuamshia, kisha sekta ya kuanzia. Katika hatua zote nne, kufuta ni jambo la mwisho, si la kwanza.

Hitimisho

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na katika miaka iliyofuata Windows nayo ilipata sura ya Kiswahili. Hizo zilikuwa hatua za heshima. Lakini sura hiyo ya Windows ilikuwa kifurushi kilichotandikwa juu ya mfumo uliokwisha kusakinishwa kwa lugha nyingine. Mtumiaji aliandika barua zake kwa Kiswahili, naye alikuwa amepita mlango wa hatari kwa Kiingereza. Tumetafsiri sebule kabla ya kizingiti.

Tunawahimiza watafsiri waanze na maonyo, hasa yale yanayotangulia tendo lisilorudishika. Walimu nao wafundishe diski, sahani, fungu, jedwali, draiva na kufuta kwa tofauti zake, si kama orodha ya kukariri. Na maofisa wanaoagiza kompyuta wadai maelezo ya usakinishaji kwa lugha ambayo msajili wa vizazi na vifo wilayani anaielewa. Kumbukumbu anazozitunza haziwezi kuandikwa upya, na mara nyingi kinachozilinda ni neno moja lililoandikwa juu ya kitufe.